Sanamu ya kasa kwa vichezeo vikuukuu vya plastiki: nikate wapi, na niunge vipi?

Mchongaji wa Kigamboni aliuliza:

Ndugu wanajamvi, habari za kazi.

Mimi ni mchongaji wa miti, hasa mpingo na mkongo, na plastiki ni mgeni mikononi mwangu. Walimu wa shule ya msingi iliyo jirani yangu wameniomba niwatengenezee sanamu ya kasa yenye urefu wa mita 1.5, itakayosimama kwenye bustani ya shule, na malighafi yake yote iwe vichezeo vilivyovunjika ambavyo wanafunzi wenyewe wamevikusanya majumbani na ufukweni. Nimekabidhiwa viroba vinne. Ndani yake kuna magari, bata wa kuogea, ndoo ndogo za kuchezea mchanga, wanasesere wasio na mikono, farasi wawili wa kubembea, na matofali mengi madogo ya kujengea.

Jaribio langu la kwanza halikufaulu. Nilikata kwa kukadiria kwa macho, nikaunga kwa gundi kali ya dukani na mahali pengine kwa gundi ya kuyeyusha, nikaiweka kazi uani. Baada ya wiki tatu gamba la kasa lilikuwa limeachia karibu lote. Jambo lililonishangaza ni kwamba plastiki yenyewe haikupasuka popote. Kila kiungo kilibanduka palepale kwenye gundi, kikiwa safi kama hakikuwahi kupakwa kitu.

Nimesoma kwamba msanifu majengo wa Marekani, Greg Lynn, alitengeneza samani kutokana na vichezeo vya plastiki vilivyotumika, na kwamba kazi hiyo ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya usanifu majengo ya Venice mwaka 2008. Inaelezwa kwamba vichezeo viliskaniwa (yaani maumbo yake yalinakiliwa kidijitali), vikapangwa ndani ya kompyuta, kisha mashine ikavikata. Sina roboti na sitarajii kuwa nayo. Nina simu nzuri, kompyuta ya kuazima, na karakana moja ya vijana hapa mjini imenikubalia kutumia printa yao ya 3D, ile inayojenga maumbo kwa uzi wa plastiki iliyoyeyushwa, siku mbili kwa wiki. Je, kwa vifaa hivyo ninaweza kuikaribia njia hiyo? Na kwa nini viungo vyangu viliachia?

Ninaomba jambo moja lizingatiwe katika majibu: sitaki vichezeo visagwe. Mtoto aliyeleta gari lake nataka alione ubavuni mwa kasa na alitambue.

Fundi wa Matangi, Tanga, alijibu:

Ndugu Mchongaji, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu usipolitatua hilo, kompyuta haitakufaa kitu. Viungo vyako viliachia kwa sababu sehemu kubwa ya vichezeo hivyo ni polithini na polipropilini, na plastiki hizo mbili hazishiki gundi. Uso wake ni kama wa nta: gundi hukauka juu yake bila kuuma. Unaweza kuusugua kwa msasa, na bado gundi itatoka siku kazi itakapokaa juani. Mimi ninaziba matangi ya maji na bampa za magari, na kwa plastiki hizi nimekwisha kuiacha gundi kabisa. Ninaunga kwa hewa moto na kijiti cha plastiki ileile.

Maneno "plastiki ileile" ndiyo kazi nzima. Polithini haichomelewi kwa polipropilini, hata kama kwa macho ni ndugu, wala mojawapo haishikani na ABS, ambayo ndiyo plastiki ngumu inayong'aa ya matofali ya kujengea. Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, tenganisha. Geuza kila kichezeo utazame chini kama kina pembetatu yenye namba: 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 3 ni PVC, plastiki ya mabomba. Vingi havina alama, na hapo ndipo ndoo ya maji inapokusaidia. Kata kipande kidogo kisicho na uwazi wa hewa ndani, kitie kwenye maji yenye tone la sabuni, ukisukume chini na ukiachie. Kikielea, ni polithini au polipropilini. Kikizama, kihamishie kwenye maji yaliyokorogwa chumvi kiasi cha gramu 150 kwa lita 1: ABS na polistirini kwa kawaida vitaelea humo, na PVC itazama. Rangi nzito na unga uliochanganywa kiwandani vinaweza kuudanganya mtihani huu, kwa hiyo usiamini kipande kimoja ukafunga hesabu.

Kuzitofautisha polithini na polipropilini, mimi hutumia kuunga kwenyewe. Ninachomelea vipande viwili vya ukubwa wa kidole, ninaviacha vipoe kabisa, kisha ninavipinda. Vikitengana kwenye mshono, si jamii moja. Vikijikunja mpaka plastiki yenyewe ikageuka nyeupe, kazi inaweza kuendelea. Joto la hewa mdomoni mwa mashine ninaliweka karibu nyuzi 300 kwa zote mbili, na karibu 350 kwa ABS. Vijiti usinunue, pasua mistari myembamba kutoka kwenye kichezeo kilekile au pacha wake, na rangi nayo itafanana. Kabla ya kuchomelea, kwangua uso kwa wembe, maana jua huuchosha uso wa plastiki na uso uliochoka haushikani. Kichezeo kilichokaa ufukweni mpaka kikatoa vumbi jeupe ukikipangusa, kiweke kando, kwa kuwa hakitabeba uzito wowote.

Farasi wako wa kubembea, wakiwa ni wale wakubwa wenye uwazi ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba wameumbwa kwa njia ileile ya matangi, yaani unga wa polithini unaozungushwa ndani ya umbo la moto. Hao ndio mifupa ya kasa wako. Wanaungika vizuri mno.

Sasa onyo ambalo ninaomba usilipuuze. Wanasesere laini mara nyingi ni PVC. Usiichomelee wala kuichoma. Ikipashwa joto kupita kiasi hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa pua na mapafu hugeuka asidi. Wanasesere wafunge kwa skrubu au waya. Kazi nyingine zote fanya mahali penye upepo, ukiwa na barakoa ya kuchuja gesi, si ile ya kitambaa.

Mchora Majengo, Nairobi, alijibu:

Shukrani kwa Fundi. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya kompyuta bila kuyasema hayo, na kazi ingeanguka vilevile.

Mwalimu wangu Mchongaji, ninadhani umeielewa vyema kazi ya Lynn kuliko wengi wanaoitaja. Watu husikia "utengenezaji wa kidijitali" wakafikiri ni printa inayotoa sanamu nzima. Katika samani zile kompyuta ilipewa kazi moja ngumu: kutafuta mstari ambao kichezeo kimoja kinakutana na kingine. Ukimzamisha bata nusu ndani ya ubavu wa farasi, mpaka kati yao si duara wala mraba. Ni mstari unaopanda na kushuka kwa kufuata miili yote miwili. Mkono wa mwanadamu hauwezi kuukisia, na ndiyo maana ulipokata kwa macho ulibaki na mianya. Mwaka uleule wa 2008 Lynn alionyesha Los Angeles ukuta ulioitwa Blobwall, wa matofali ya polithini yenye uwazi ndani yaliyotoka katika umbo moja. Kila tofali lilikatwa na mkono wa roboti kwa namna yake ili likae sawa na jirani zake. Umbo lilikuwa moja, na mikato ndiyo iliyotofautiana.

Hapo kuna fundisho la kazi kwako. Usiskani viroba vinne. Chagua vichezeo vikubwa kumi au kumi na viwili vya polithini ambavyo vitakuwa mwili, na ikiwezekana viwe vya aina zinazojirudia, kwa maana ndoo tano zilizotoka kiwanda kimoja unaziskani mara moja tu. Vidogo vilivyobaki ni ngozi. Hivyo vipange kwa jicho lako la mchongaji, ambalo haliigwi na programu yoyote.

Kwa skani, simu inatosha. Weka kichezeo juu ya meza yenye gazeti, mahali penye mwanga wa kivuli, na upige picha 60 hadi 80 ukikizunguka kwa kimo cha chini na cha juu, kila picha ikirudia karibu theluthi mbili za ile iliyotangulia. Programu ya Meshroom, ambayo ni ya bure, itazigeuza picha hizo kuwa umbo. Inahitaji kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA, kwa hiyo hakikisha ile ya kuazima inayo. Plastiki inayong'aa ni adui wa skani hii, kwa kuwa mng'ao huhama kila unaposogea na programu hupotea njia. Pakaza unga wa wanga kwa brashi laini, au tia vidoadoa vya chaki, utakavyovifuta baadaye. Picha pekee hazijui ukubwa wa kitu: pima kichezeo sehemu mbili kwa rula na uiambie programu vipimo hivyo.

Kisha ingia Blender, programu ya kuchora na kukata maumbo, nayo ni ya bure. Ziba matundu yote ya umbo, kwa sababu umbo lililo wazi halikatiki vizuri, na punguza idadi ya vipande vya uso mpaka kompyuta ipumue. Panga vichezeo, vizamishe ndani ya vingine mpaka kasa aonekane, kisha amuru kimoja kitolewe ndani ya kingine. Ukingo unaobaki ndio mstari wako. Sehemu hii nenda nayo polepole. Kichezeo kikizama mno kinapoteza sura yake; kikigusa kidogo tu, mshono unakuwa mfupi na hauna nguvu. Mimi hupenda theluthi moja izame.

Swali lako gumu ni namna ya kuutoa mstari ule kwenye kioo cha kompyuta na kuuweka juu ya farasi halisi bila roboti, na hapa ndipo printa ya vijana inapopata kazi. Ndani ya Blender chukua uso wa kichezeo, upanue nje kwa nusu milimita, uupe unene wa milimita 3, na ubakize ukanda wa upana wa milimita 15 ambao ukingo wake mmoja unafuata mstari wa mkato. Uchapishe ukanda huo. Utakuwa kama bangili iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono mmoja tu duniani: ukiuvalisha kichezeo, unakaa mahali pamoja pekee, na wewe unapitisha kalamu ukingoni, kisha msumeno wenye meno madogo. Kata nje kidogo ya alama na umalizie kwa tupa. Skani ya simu huacha kosa la milimita 1 au 2, nalo kijiti cha Fundi kitalijaza.

Zipo njia za kuukunjua uso kuwa kiolezo cha karatasi, na kwa ndoo zinafaa, kwa kuwa ubavu wa ndoo umepinda upande mmoja tu. Kwa kichwa cha bata hazifai. Jaribu kulilaza ganda la chungwa juu ya meza bila kulipasua, na utaiona sababu.

Mwana wa Amu aliandika:

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini ninaomba kupinga sharti la kutosaga. Sisi Lamu tumeona plastiki iliyoyeyushwa ikigeuka kitu chenye heshima kamili. Jahazi la Flipflopi lilishushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi. Mbao zake ziliumbwa kwa takataka za plastiki, karibu tani 10, na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda wakazichonga kwa ustadi uleule wa kuunda majahazi ya mti. Juu yake likavikwa kandambili zipatazo 30,000. Mchongaji wa mpingo akipewa gogo la plastiki atakuwa nyumbani kwake, hatahitaji skani wala bangili. Kwa nini asisage, akaumba gogo, akachonga kasa kwa patasi yake?

Mchora Majengo, Nairobi, alijibu:

Ndugu yangu wa Amu, jahazi lile ninalistahi sana, na hoja yako ina uzito, hasa kwa mchongaji. Lakini tazama jambo ambalo wewe mwenyewe umelitaja: mbao zimeyeyushwa, ila kandambili zimeachwa kandambili. Anayelitazama jahazi anazitambua mara moja, na kwa hizo anajua limetoka wapi. Shule ile inahitaji utambuzi wa namna hiyo. Mwaka 1978 mchongaji wa Uingereza, Tony Cragg, alitandaza sakafuni vipande vya plastiki alivyoviokota, akavipanga kwa rangi za upinde wa mvua, bila kuyeyusha hata kimoja. Nguvu ya kazi ile inatokana na kwamba bado unaona kuwa hiki kilikuwa kitu cha mtu.

Kuna pia sababu ya kiufundi. Vichezeo vilivyochanganyika vikisagwa pamoja vinatoa gogo lenye nyufa za ndani, kwa sababu ileile aliyoieleza Fundi. Na wazo la kuvigeuza kuwa uzi wa printa ningelikwepa kabisa: polithini ikipoa hujikunja na haikai juu ya sahani ya printa. Mabaki ya mikato yako, Mchongaji, yakiwa ya aina moja, hayo ndiyo yayeyushwe kuwa kibao cha kusimamishia sanamu.

Mchongaji wa Kigamboni aliandika, wiki tano baadaye:

Ndugu zangu, ninarudi na taarifa, na shukrani zangu hazina kipimo.

Nilianza na ndoo ya maji kama nilivyoelekezwa, tena niliifanya pamoja na wanafunzi wa darasa la sita, ambao walikwenda nayo haraka kuliko mimi. Viroba vinne viligawanyika kuwa marundo matano, na lililoelea ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Farasi wote wawili walielea. Mshono wangu wa kwanza wa majaribio ulivunjika. Wa nne ulijikunja mpaka ukageuka mweupe, na siku hiyo nilijua kwamba gamba halitaachia tena.

Bangili ya kwanza ilikuwa na hitilafu ambayo ninaitaja ili mwingine asiirudie. Niliichapisha ikiwa duara zima, na kumbe kichwa cha farasi ni kipana kuliko shingo niliyotaka kuikata, hivyo haikuwa na njia ya kupita. Niliichapisha upya katika nusu mbili, nikazifunga kwa mpira wa baiskeli. Ikakaa sawasawa. Nilipoushusha msumeno na bata akaingia ubavuni mwa farasi pasipo mwanya wa kupitisha ukucha, nilikaa chini nikaitazama kwa muda. Katika mti nimezoea kuondoa mpaka umbo litoke. Hapa hakikuondolewa kitu ila mstari.

Mwili sasa umesimama: farasi wawili ni kifua na mgongo, ndoo saba ni gamba, na mapezi ni majembe ya kuchezea mchanga. Bado sijafunga ngozi ya vichezeo vidogo. Nina maswali mawili. Watoto wataishika sanamu hii kila siku. Je, vichezeo vya zamani vina hatari yoyote? Na jua la hapa kwetu, nilikabili vipi?

Fundi wa Matangi, Tanga, alijibu:

Hongera sana, Ndugu Mchongaji. Hiyo ya nusu mbili hata mimi nitaitumia kwenye bampa.

Kuhusu watoto, jambo hilo si dogo. Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa vichezeo 200 vilivyotumika, na madini hatari, risasi na kadimiamu yakiwemo, yalionekana zaidi katika plastiki nyekundu, njano na nyeusi. Kwa hiyo vichezeo vikuukuu vya rangi hizo usivipige msasa mbele ya watoto, na vumbi lake lipanguse kwa kitambaa kibichi badala ya kulifagia. Viweke mgongoni juu, mbali na mikono, na sehemu za chini wanazofikia tumia vile vipya zaidi. Rangi ya mafuta ya kuvifunika usiitegemee. Polithini itaikataa kama ilivyokataa gundi yako.

Kuhusu jua, dawa nzuri kuliko zote ni kivuli. Waombe walimu wampe kasa nafasi chini ya mwembe au mkungu, upande usiopigwa na jua la mchana. Kila baada ya msimu wa mvua pitisha kidole kwenye mishono. Ukiona mstari mweupe kama unywele, kwangua na uunge tena siku hiyohiyo, na kwa ajili hiyo hifadhi sasa kijiti kimoja cha kila ndoo, ukiandike jina la ndoo yake.